Pikipiki ya matairi matatu inayolala kwenye kona: nianzie wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa bodaboda hapa Kimara, Dar es Salaam. Nina Boxer 150 iliyopata ajali. Injini nzima, ila mbele kote kumekufa. Mwaka huu nimeteleza mara mbili kwenye mchanga wa pembeni ya barabara nikiwa nimempakia mwanangu. Sasa nataka kuijenga upya iwe na matairi matatu, lakini ilale kwenye kona kama pikipiki, isiwe kama bajaji. Nimeona picha za Piaggio na Yamaha. Je, mawili niyaweke mbele au nyuma? Na inawezekana kweli kuijenga uani kwa mashine ya kuchomelea na grenda?"

Marahaba, mdogo wangu. Poleni sana wewe na mtoto. Inawezekana, na matairi mawili uyaweke mbele. Lakini kabla hujakata hata sentimita moja ya chuma, kuna jambo nataka uliweke kichwani, kwa sababu nimeona mafundi wazuri wakiumia kwa kutolijua: pikipiki ya matairi matatu inayolala haisimami yenyewe. Ukisimama kwenye taa bila kuweka mguu chini, inaanguka kama Boxer yako ilivyokuwa ikianguka. Tairi la tatu halikushikilii wima. Kazi yake ni kushika barabara.

Linganisha na bajaji. Bajaji inasimama kwa upana wake. Chukua bajaji yenye mita 1.1 kati ya matairi ya nyuma, uzito wake asilimia 60 uko nyuma, na kitovu cha uzito kiko sentimita 60 kutoka ardhini. Iingize kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 10, kona ya kawaida ya kutoka barabara kubwa kuingia mtaani. Ukipiga hesabu, tairi la ndani linaanza kuacha ardhi ukifika kilomita 26 kwa saa. Pale hakuna ujanja wa dereva: ama umepunguza mwendo mapema, ama mmepinduka. Pikipiki inayolala, kwenye kona ileile na mwendo uleule, inalala nyuzi 29 na kupita. Hesabu yake ni fupi: chukua mwendo kwa mita kwa sekunde, uzidishe wenyewe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa 9.81 mara nusu kipenyo cha kona. Unachopata ni tanjenti ya pembe ya mlalo. Ifanye kwa kona zote unazopita kila siku, uone unahitaji kulala kiasi gani. Wengi wanashangaa kwamba nyuzi 30 zinatosha karibu maisha yote ya mjini.

Sasa mbele au nyuma? Njia zote mbili zimeshatengenezwa viwandani. Waingereza walitoa Ariel 3 mwaka 1970, mawili nyuma: sehemu ya dereva inalala, lakini sehemu ya nyuma yenye injini inabaki wima, na katikati kuna kiungo kinachozunguka. Haikuuzika, lakini wazo halikufa. Honda walilichukua wakatoa Stream mwaka 1981 na Gyro mwaka 1982, na hadi leo Japani wanapelekea watu vyakula majumbani kwa pikipiki za aina hiyo. Mawili mbele yalipata umaarufu na Piaggio MP3 mwaka 2006, ikafuata Yamaha Tricity mwaka 2014 na Niken mwaka 2018.

Kwako wewe mbele ndiko kunakofaa, tena kwa sababu zako mwenyewe. Umeteleza kwenye mchanga, na mchanga unamwangusha mtu kwa tairi la mbele. La nyuma likiteleza kidogo unaweza kulirudisha, la mbele likiondoka umeshalala chini kabla hujajua. Ukiwa na mawili mbele, moja likipita kwenye mchanga lingine bado liko kwenye lami. Halafu ukifunga breki uzito unakimbilia mbele, na huko ndiko unakotaka mpira mwingi zaidi. Tena nyuma ya Boxer yako, cheni, spoketi na kila kitu, inabaki kama ilivyotoka kiwandani. Ukiweka mawili nyuma unahitaji difu (gia inayogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili), au uendeshe tairi moja tu, na bado ujenge kile kiungo cha kuzunguka. Kiungo hicho mstari wake ukiurefusha mbele lazima ufike ardhini karibu na tairi la mbele linapogusa, la sivyo kila ukilala mbele kunasukumwa pembeni. Sikushauri uanze na huko.

Mfumo wa mbele jina lake umelisoma shuleni: msambamba. Mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mmoja chini, inapita mbele ya shingo ya fremu. Katikati kila mkono umefungwa kwenye fremu kwa pini, na kwenye ncha zake umefungwa kwa pini kwenye nguzo mbili za pembeni. Nguzo hizo ndizo zinazobeba matairi. Fremu ikilala kulia, nguzo zote mbili zinalala kulia kwa pembe ileile, na mikono inabaki sambamba na ardhi. Tairi moja linapanda kulinganisha na fremu, lingine linashuka, yote mawili yanabaki chini.

Kwa mazingira yetu, njia rahisi na salama ni kutumia foki mbili kamili za pikipiki za aina moja. Nunua seti mbili za mbele za Boxer, foki, vishikio vyake vya juu na chini, tairi na breki. Kila seti inazunguka kwenye shingo yake, yaani bomba fupi lenye beringi zake, na mabomba hayo mawili ndiyo nguzo za msambamba wako. Kariakoo vitu hivyo vipo vipya na vilivyotumika. Ukinunua vilivyotumika, bingirisha kila bomba la foki juu ya kioo. Likionyesha mwanga chini yake limepinda, mrudishie mwenyewe.

Kwa nini nasisitiza foki kamili? La kwanza ni ekseli. Ukishika tairi upande mmoja kama la gari, ekseli nyembamba ya pikipiki haiwezi. Tairi moja la mbele likibeba kilo 65, tuta likaongeza mara tatu, ni karibu nyutoni 2,000. Ukizishikiza sentimita 6 nje kwenye ekseli ya mm 15, mkazo unafika MPa 360, wakati chuma cha kawaida kinaanza kupinda moja kwa moja kwenye 250. Ndani ya foki, ekseli imeshikwa pande zote mbili na inakaa. La pili ni springi. Nimeona michoro ya vijana wanafunga shokapu kati ya mkono wa msambamba na fremu. Ikilala, shokapu moja inabanwa na nyingine inavutwa, kwa hiyo springi zinapigana na mlalo wenyewe, na dereva anahisi pikipiki inamkatalia kona. Kwa foki, springi iko ndani ya kila mguu na haihusiani na kulala. Kila kitu kinafanya kazi yake.

Vipimo vya kuanzia: mm 420 kati ya nguzo na nguzo, upana wa MP3 ya mwanzo. Hapo kila upande wa mkono ni mm 210, na ukilala nyuzi 30 tairi moja linapanda mm 105 na lingine linashuka mm 105 kulinganisha na fremu. Angalia nafasi hiyo kwenye tangi, rejeta ya mafuta kama unayo, na nyaya. Kitu kingine watu wanakisahau: ukilala, matairi yanasogeleana. Nafasi ya kati yao ikipimwa mraba (nyuzi 90) kwa matairi inatoka 420 hadi kama 364. Matairi yenyewe yawe ya pikipiki, ya mviringo, 2.75-17 yanatosha. Ukifunga tairi lenye uso bapa utalalia ukingo wake, na ukingo hauna mshiko.

Kabla ya chuma, tengeneza kwa plaiwudi. Nasema kwa dhati, usiruke hatua hii. Chora kwa chaki sakafuni kwa ukubwa wake halisi, kata mikono na nguzo, toboa, funga boliti, simamisha ukutani. Kisha ilaze kwa mkono wako kushoto na kulia huku mtu anageuza usukani. Kila kitakachogongana kitagongana hapo, kwa gharama ya ubao nusu.

Pale ndipo utakapoona pia suala la tairodi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia mimi.

Tairodi inayounganisha foki ya kushoto na ya kulia lazima iwe sambamba na mikono ya msambamba, na urefu wake kutoka kiungo hadi kiungo uwe sawa na urefu wa mkono kutoka pini hadi pini. Mkono ni 420, tairodi ni 420. Nilipojenga ya kwanza na rafiki yangu uani kwake Chang'ombe, tairodi yetu ilitoka mm 392 kwa sababu boljointi (viungo vya ncha zake) tulizopata zilikuwa kubwa na hazikuingia pale tulipotaka. Tulijiambia tutanyoosha matairi kwa kurekebisha, na kweli ilipokuwa wima matairi yalikuwa sawa kabisa, tulipima kwa kamba. Nikaisukuma kwenye mteremko, nikaanza kulala kushoto taratibu. Kadiri ilivyolala, matairi yakaanza kufungukana yenyewe kwa mbele, usukani ukawa mgumu mkononi, mpira ukapiga kelele kwenye saruji, na nikajikuta chini goti likivuja damu. Ilikuwa mwendo wa mtu anayekimbia. Ingekuwa na injini, leo nisingekuwa naandika hivi.

Kwa hiyo kipimo chako ni hiki: funga mbao mbili nyoofu, moja kila tairi, zielekee mbele. Pima nafasi kati ya ncha zake, ncha hadi ncha sambamba na mikono, ikiwa wima, kisha ikiwa imelala nyuzi 10, 20 na 30. Namba zisipobadilika kwa zaidi ya mm 2 au 3, umepatia. Usisumbuke sana na kanuni ya tairi la ndani kukata kona zaidi kuliko la nje. Kwa upana wa 420, hata kwenye kona ya mita 5, tofauti ni kama digrii moja tu. Rodi fupi inayotoka usukani kwenda foki ya kushoto nayo iwe na viungo vilivyokaa kwenye mistari ya pini, cha ndani karibu na mstari wa katikati ya fremu, cha nje kwenye mstari wa nguzo. Na pini zote za msambamba ziwe mraba na shingo ya fremu, zifuate mlalo wake wa kwenda nyuma, usizitoboe sambamba na ardhi kwa macho.

Chuma. Bomba za maji zenye zinki ziache. Moshi wake ukichomelea unakupa homa usiku. Tafuta bomba jeusi, ukuta wa geji 12, yaani karibu mm 2.6, kwa mikono na nguzo. Pini za mm 20 zikerezwe na mafundi wa mtaa wa Gerezani, pamoja na nyumba za beringi namba 6004 mbili kila pini. Pini ni sita, kwa hiyo beringi 12. Utaambiwa bushi za shaba zinatosha. Zitatosha mwezi wa kwanza. Kati ya pini ya juu na ya chini una kama mm 200, na kutoka hapo hadi ardhini kama mm 700, maana yake uchakavu wa mm 1 kwenye pini unakuwa mm 3.5 kwenye tairi. Hapo ndipo usukani unapoanza kutikisika ukifika 50. Kila pini ishikwe pande zote mbili, boliti ziwe zenye alama 8.8 au 10.9 kichwani, na nati za kujikaza.

Kuchomelea unajua, lakini fremu ya pikipiki si geti. Piga pointi kwanza, pima mraba, zungukia kwa kupishana ili joto lisivute upande mmoja. Na kabla ya kugusa kazi yenyewe, chomelea vipande viwili vya bomba lilelile kwa fimbo zilezile na umeme uleule, kibane kimoja kwenye jiliwa, kipige kingine kwa nyundo ya kilo mbili mpaka kiachie. Kikichanika bomba pembeni ya weldi, uko sawa. Weldi yenyewe ikibanduka nzima, tena inang'aa upande mmoja kama haikuingia, ongeza umeme, safisha rangi na kutu, rudia. Kama hujiamini, chora kazi yako, pointi piga wewe, na weldi ya mwisho mpe mwalimu au mhitimu wa chuo cha ufundi cha VETA anayefanya kazi hiyo kila siku. Hakuna aibu. Foki zenyewe na ekseli usizichomelee kamwe.

Breki za mbele ziwe mbili zinazovuta sawasawa. Kama ni za dramu na waya, waya mmoja kutoka mkononi uvute upau mdogo wenye tundu katikati, na kutoka ncha zake waya mbili ziende kwenye matairi. Upau ukijipanga wenyewe, kila upande unapata nguvu sawa. Moja ikikamata kabla ya nyingine, usukani unageuka mkononi mwako wakati mbaya kuliko yote.

Sasa kufuli. MP3 ina mfumo wa kufunga mlalo ukiwa umesimama ili usilazimike kuweka mguu chini, na najua utautamani. Unaweza kuujenga kwa kipande cha disiki ya breki kwenye mkono wa juu na kalipa (kibano cha breki) kwenye fremu. Naomba usiuweke kwenye pikipiki ya kwanza. Ikifungwa, inakuwa bajaji yenye upana wa 420. Hesabu ileile ya juu, kona ya mita 10, inakuambia inapinduka ukiwa kama kilomita 15 tu kwa saa. Ukisahau kuifungua, ukaondoka kwenye taa na kukata kona, mwendo huo unaufikia kabla ya gia ya pili. Weka mguu chini kama ulivyozoea. Badala ya kufuli weka vizuizi vya mpira vinavyokomesha mlalo, na uhakikishe kigingi cha mguu kinakwaruza lami kabla kizuizi hakijagonga. Kikwaruzo kinakuonya. Kizuizi kikigonga kwanza, tairi la nje linanyanyuka bila taarifa.

Majaribio ya kwanza yawe bila injini kabisa. Fremu, mbele mpya, tairi la nyuma, breki. Tafuta mteremko mpole usio na magari, kofia kichwani, glovu, viatu vinavyofunga kifundo. Shuka mara ishirini. Lala kidogo kidogo. Funga breki ukiwa wima, kisha ukiwa umelala. Pita kwa makusudi tairi moja juu ya ubao wa sentimita 8, utaona kitu kizuri sana: tairi linapanda nane, wewe unapanda nne tu, na pikipiki inabaki imesimama. Siku hiyo utaelewa kwa nini watu wanahangaika na mashine hizi. Ndipo urudishe injini, uwanja wa wazi, kilomita 10, 20, 30 kwa saa, hatua moja kwa siku moja.

Mwanzoni, kila baada ya kilomita 50, kagua weldi zote kwa dizeli na chaki: paka dizeli, subiri, futa ikauke, kisha paka unga wa chaki. Ufa mdogo usioonekana kwa macho utarudisha dizeli na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Na hapa kwetu hewa ya bahari haina huruma: ziba kila ncha ya bomba, kwa sababu kutu ya ndani huioni mpaka siku mkono unakatika.

Kuhusu sheria, kipande cha fremu chenye namba ya chasisi usikikate wala kukisaga. Nenda TRA (mamlaka ya mapato) na kwa mkaguzi wa trafiki ukiwa na mchoro, kabla ya kazi, ueleze kwamba unabadilisha muundo, na majibu uyachukue kwa maandishi. Muulize wakala wako wa bima swali hilohilo. Mpaka hayo yakamilike, inabaki mashine ya uwanjani.

Na mtoto asipande mpaka umeiendesha peke yako miezi mitatu, ukiwa umeweka gunia la mchanga la uzito wake kwenye siti mwezi wa mwisho. Najua ni kwa ajili yake unaijenga.

Ukimaliza ya plaiwudi, nitumie vipimo vinne: kati ya nguzo na nguzo, urefu wa tairodi, na nafasi kati ya zile mbao mbili ikiwa wima na ikiwa nyuzi 30. Usianze kuchomelea kabla sijakujibu.